Jogoo wa Shukrani ya Elinipendo

Gari dogo la abiria aina ya Noah lilianza kupanda mlima kwenda Old Moshi Jumapili asubuhi, mzee Anaeli akiwa amempakata jogoo kama mjukuu. Aliyeketi kando yake, mama aitwaye Hellen, alimwamkia shikamoo, kisha akauliza jogoo anapelekwa wapi.

"Kanisani, shukrani! Binti yangu Elinipendo aliandika utafiti wa gharama za matibabu. Wasomi mia tatu wamemtaja kwenye maandishi yao!"

"Hongera, baba! Na wote wanamsifu?"

Mzee akanywea. Hilo hakuwahi kumuuliza binti, na muda si mrefu angesimama kutangaza mbele ya usharika mzima. Akapiga simu palepale, akaweka spika.

"Wengine wananipinga, baba," binti akacheka. "Ila lazima wanisome kwanza."

"Basi jogoo arudi bandani," Hellen akatania. "Nani anashukuru kwa kupingwa?"

"Mimi! Mama yake ananipinga tangu tufunge ndoa, na kila Jumapili namshukuru Mungu kwa ajili yake!"

Gari zima likacheka, isipokuwa jogoo. Hellen alikuwa bado anabisha walipofika kanisani. Mzee akashuka, akainama dirishani: "Ibada ikiisha, njoo kwenye mnada wa sadaka, mwanangu. Jogoo huyu atanadiwa; unipinge kwa kupandisha bei."