Ng'ombe Anaitiwa Daktari

Mheshimiwa Afisa Elimu Kata, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule Mzee Bura, Baba Paroko, walimu wenzangu, wazazi wa Bashay na ninyi mliopanda kutoka Yaeda Chini: wakubwa wangu shikamooni, na wadogo marahaba hata kabla hamjaniamkia, maana leo nina haraka na nina hasira.

Miaka thelathini na moja nimefundisha baiolojia hapa. Leo mnaniaga mmenipa mtamba, mmenivika shuka, mmenisifu mpaka nikajiuliza kama anayesemwa ni mimi, Benedikta. Nashukuru sana. Lakini tangu nikae meza kuu namtafuta mtu mmoja simwoni. Yuko wapi Judica, mpishi wetu wa miaka kumi na moja? Nani hapa mtoto wake hajanywa uji wa Judica?

Mnajua aliko. Wiki tatu zilizopita mimba yake iliharibika, na hiyo ni ya tatu. Yuko nyumbani kwa mkwewe, Mzee Bura, amepewa kibuyu chake peke yake, amekatazwa kisima cha wote, zizi na mikusanyiko, eti asituletee mkosi. Desturi ambayo wengi tulisema tumeiacha! Na Jumamosi ijayo ukoo unakaa kuamua kama arudishwe kwao Nangwa. Nilimwomba ruhusa ya kulisema hili. Akanijibu, "Mwalimu, wewe sema tu. Wote wanajua, ila hakuna anayeniuliza hata naendeleaje."

Mzee Bura, wewe ni kama baba yangu, na mabweni haya yasingesimama bila wewe. Mwaka jana ng'ombe wako wawili walitupa mimba. Ulifanya nini? Ulimpigia simu bwana mifugo siku hiyo hiyo, damu ikachukuliwa, ikapelekwa kupimwa, wala hukumwuliza ng'ombe amekosa nini. Ng'ombe anaitiwa daktari, mkwe anaitiwa kikao! Hii ni haki ya wapi?

Wanafunzi wangu wanazikumbuka kamba za ndama. Nilikuwa naingia nazo darasani zimejisokota hovyo, namwambia Gidamis pale, "Haya, zitenganishe." Anavuta kwa nguvu zake zote, na fundo linazidi kukaza. Ndani ya yai la mwanamke ziko kamba kama hizo. Kromosomu ni nyuzi ndefu za DNA, zimekunjwa mahali padogo kuliko ncha ya sindano, na lazima zinasane. Basi kuna kimeng'enya kinachoitwa topoisomerasi. Chenyewe hakivuti. Kinakata uzi mmoja, kinapitisha mwingine kwenye pengo, kisha kinauunga ule kiliokata. Zita binti Margwe, aliyekalia madawati haya haya, leo anachunguza mayai ya panya chuo kikuu. Aliniandikia kwenye simu: "Mwalimu, tukikizuia, kromosomu zinashindwa kujipanga, zinashindwa hata kuachana." Na yai likitoka na kromosomu pungufu au za ziada, mara nyingi mimba yake haifiki mbali.

Je, ndilo lililompata Judica? Sijui. Na ninyi hamjui, kwa sababu hakuna aliyempima! Huenda ni yai, huenda ni mbegu ya mume, huenda ni ugonjwa unaotibika. Ninachojua ni kwamba mayai ya Judica yalianza kuumbwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake. Niambieni, tumboni humo alikuwa amevunja mwiko gani?

Nami sijitoi kwenye lawama. Mwaka wangu wa pili kazini mimba yangu iliharibika. Asubuhi nilifundisha kromosomu ubaoni, jioni nikarudi kunywa maji kwenye kibuyu cha peke yangu, nikanyamaza kimya. Mimi, mwalimu! Niliwafanya watoto wenu wafaulu mtihani, nikawaacha mama zao na vibuyu vyao. Naondoka kazini na aibu hiyo, na leo sitaki kuibeba hadi nyumbani.

Sahani ya mstaafu mmeiweka mbele yangu, sijaigusa. Nikishuka hapa naipeleka kwa Judica. Tutakula sahani moja, tutakunywa kibuyu kimoja, na kama mkosi upo, ukoo utauona kwangu kabla ya Jumamosi. Jumatatu tunakwenda hospitali, yeye na mumewe Hilary. Hilary naye amekubali kupimwa, na kwa hilo nampongeza mbele yenu.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa naomba miguu yenu, anayetaka tufuatane. Lakini nyumba ina mwenyewe, na mimi nimelelewa. Mzee Bura, nakuuliza kwa adabu, watu wote wakisikia: hodi nyumbani kwako?