Saa Tano za Bosi

Bwenini tulifundishwa kwamba kusikiliza mazungumzo ya watu ni utovu wa adabu. Kwa hiyo, ndani ya basi la kutoka mtaa wa Mahjar kwenda mtaa wa Rawdah, sikusikiliza. Nilisikia tu, kwa makini sana.

Mbele yangu dada Mkenya, mfanyakazi wa ndani, alikuwa akimweleza shida yake mzee wa Kizanzibari, fundi saa. Jana alichomoa waya wa kisanduku kinachozungusha saa tano za mkononi za bosi wake ili achomeke pasi, na tangu hapo kisanduku kimekataa kuzunguka. "Na bosi anarudi kutoka Riyadh kesho kutwa. Akipata zimesimama, ni mimi nitapelekwa airport."

"Mwanangu, saa hizo hazina betri," mzee alisema. "Zinajaa nguvu kwa kutikisika mkononi. Zivae, upige deki. Mkono wako ndio kisanduku."

"Na madam akinipata na saa ya dhahabu, ataniuliza ni saa ngapi?"

"Basi mwambie ukweli kabla hajakuona."

"Mzee, kwani wewe ushawahi kufanya kazi kwa mtu?"

Mzee alikohoa kwa muda wa kituo kizima. "Zivae kwa zamu," akasema. "Ila usioshe nazo vyombo."

"Wewe utanifutisha kazi."

Basi lilisimama Rawdah, dada akashuka akitikisa kichwa. Mlango ulipofungwa nilimwona pembeni mwa barabara, anavuta mikono ya abaya yake, anapima kama inafika mpaka vidoleni.