Sindano Niliyoionea Aibu

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Majengo! Nasema tena, asifiwe! Naandika haya nikiwa Karema, kando ya ziwa, na nimeomba yasomwe mbele ya kanisa zima, kwa sababu uongo wangu niliusema mbele ya kanisa zima.

Mnaikumbuka Jumapili ile niliposimama nikashuhudia kwamba Mungu ameniponya pumu. Asubuhi iliyofuata nilifunga kifurushi changu nikatoka bila kumuaga mtu, wala sikujua naenda wapi. Najua mlisema, "Yeremia ndivyo alivyo, hatulii." Ni kweli, situlii. Lakini siku ile sikuwa natembea. Nilikuwa nakimbia!

Ndugu zangu, niwarudishe nyuma kidogo. Nilizaliwa Mishamo, kwa wazazi waliotoka Burundi. Shule niliacha darasa la tano, kwa maana kifua kilinitoa darasani mara nyingi kuliko mwalimu. Nikaanza kuzurura. Nilibeba magunia kwenye mashine ya mpunga kule Mpimbwe, nikafukiza nyuki pamoja na warina asali, nikachochea moto kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Popote penye vumbi au moshi, hapo ndipo nilipopata kazi! Kifua kikibana nilihama, nikidhani hewa ya mbele itakuwa nzuri zaidi. Haikuwa. Pampu ya kuvuta haikunitosha, vidonge vikanivimbisha uso hadi watu wakadhani nimenenepa kwa raha.

Ndipo daktari bingwa wa hospitali ya rufaa akapima damu yangu, akasema pumu yangu ni ya aina kali na ipo sindano mpya inayoifaa. Aliniandikisha kwenye mpango wa kusaidia wagonjwa. Dawa ikawa inaletwa hospitali ya hapo Mpanda ndani ya boksi la baridi, nami nachomwa kila wiki ya nne.

Nyie mnanijua kwa kuuliza. Nilimuuliza Nesi Velonika, aliyekuwa akinichoma, "Sista, sindano ya pajani inajuaje njia ya kwenda kifuani?"

Alicheka. "Wewe ungeendelea na shule ungetusumbua! Sikiliza. Mwilini mwako kuna sungusungu, kazi yao ni kulinda. Sasa wa kwako wana wenge. Akipita panya tu, filimbi inalia, wanajazana kifuani na marungu yao, njia ya hewa inavimba. Hii sindano inazuia ile filimbi."

"Basi nimepona?"

"Umetulia. Kupona ni neno lingine. Filimbi mpya zinatengenezwa kila siku, ndiyo maana unarudi. Na pampu yako ya kila siku usiache."

Baada ya sindano ya tatu nilipanda mlima nikiwa naimba. Naimba, ndugu zangu! Mimi ambaye kwaya ilinikataa kwa kukatisha kila mstari!

Basi Jumapili ile nikasimama kumshukuru Mungu. Nilikuwa nimepanga kusema yote, pamoja na sindano. Lakini Mzee Eliya, mzee wetu wa kanisa, akauliza kutoka kwenye benchi la mbele, "Na dawa je?" Watu wote wakaniangalia. Nikapaza sauti, "Dawa nimeiacha madhabahuni!" Vigelegele! Ngoma! Nikarukaruka pamoja nanyi, na kila niliporuka pampu ilinigonga paja ndani ya mfuko wa suruali.

Sindano yangu ilikuwa Jumatano. Na Jumatano ndiyo siku akina mama wa kanisa wanapotembelea wagonjwa, wanapita mbele ya benchi la hospitali tunaloketi kusubiri kuitwa. Nikajiambia, wakiniona pale, Mungu ataonekana mwongo kwa sababu yangu. Kumbe mwongo alikuwa mmoja tu.

Nikaenda hadi Kasokola, nikapata kibarua kwa mama mmoja mwenye shamba. Sindano ya kwanza ikanipita, nikawa mzima. Ya pili ikanipita. Pampu ikaisha, sikutafuta nyingine, maana nilikuwa nimeanza kuuamini uongo wangu mwenyewe. Kisha siku ya kupukuchua mahindi, mashine ikiwa inatoa vumbi jeupe, kifua kikafunga. Nilivuta hewa, hewa ikakataa. Nikapiga magoti juu ya magunzi.

Yule mama hakupoteza muda. Akaita bodaboda, wakanipakia katikati, dereva mbele, yeye nyuma akinishikilia kwa mkanda wa suruali.

"Pumua, wewe! Mbona hukusema unaumwa?"

Nikang'ang'ania bega la dereva.

"Usinifie mikononi, nasema! Mwanaume mzima unaficha ugonjwa kama mimba!"

Ndugu zangu, mwanamke yule namwombea kila siku. Tulifika hospitali ile ile ya Mpanda. Wakaniwekea barakoa ya oksijeni na dawa ya mvuke, wakanichoma nyingine mkononi, na hewa ikaanza kurudi kidogo kidogo. Nikafumbua macho. Nesi Velonika alikuwa kichwani pangu. Na miguuni pangu, kofia mkononi, alisimama Mzee Eliya! Alikuwa amekuja kuombea wagonjwa.

Nikavua ile barakoa. "Mzee, nilidanganya. Dawa sikuiacha madhabahuni. Niliiacha baadaye, kwa aibu."

Nilitegemea anikemee. Akavuta kiti, akakaa. Akatoa mfukoni pakiti ya vidonge.

"Hivi ni vya presha," akasema. "Navimeza tangu hujaja kanisani kwetu. Uliposema umeiacha dawa, nikajiambia, mzee mzima kama mimi nashindwa imani na kijana? Nikaacha. Nikaanguka uani kwangu, mama watoto ndiye aliyeniokota."

"Nisamehe, mzee."

"Rudisha hiyo kitu puani kwanza. Tutasameheana ukiwa unapumua."

Nililia, ndugu zangu! Nilikuwa nimedhani uongo wangu ni wa kifua changu peke yangu. Kumbe ulikuwa umeingia nyumba ya mtu, ukamwangusha chini. Siku ile Bwana alinifungulia kitu kilichonibana kuliko pumu.

Nikaanza sindano upya. Zamu yangu ya kwanza iliangukia Jumatano, nikakaa mwanzoni kabisa mwa benchi, na Mzee Eliya akakaa pembeni yangu kusubiri kupimwa presha. Akina mama walipopita tuliwasalimia kwa sauti kubwa.

Sasa Nesi Velonika amenifundisha kujichoma mwenyewe, kwa hiyo naweza kusafiri. Juzi asubuhi nilitoka tena, safari hii nikiwaaga, na boksi langu la baridi mapajani, hadi huku Karema. Nilitaka tu kuona mitumbwi inavyochongwa. Nikapata chumba kwa Mama Agripina, anayeuza samaki. Zamani ningeuliza kama mlango unafunga. Safari hii niliuliza, "Mama, una friji?"

Akaliangalia boksi. "Kama ni pombe, hapa hapana."

"Ni sindano yangu. Nina pumu kali. Ikae kwenye baridi lakini isigande, ikiganda imeharibika."

Hakushangaa hata kidogo. Akawahamisha migebuka wake, akafuta rafu ya katikati kwa kitambaa. "Hapa hapagandi. Mume wangu miaka yote hajapata rafu yake, wewe umeipata siku ya kwanza!"

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyempa daktari akili, nesi mkono mwepesi, na Mzee Eliya moyo wa kukaa chini. Sijapona. Nimetunzwa, nami nimeridhika. Na wewe unayesikiliza, mwenye vidonge chini ya godoro au pampu uliyoifunga kwenye kanga, mtegemee Bwana, kisha Jumatano nenda ukakae kwenye benchi lile. Mzee Eliya atakuwa pale. Mwambieni kwamba Yeremia amefika salama, anapumua, na dawa yake iko kwenye friji ya mwenye nyumba, mahali kila mtu anapoiona.