Mama Wino na Majalada Sitini na Matatu

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na tisa katika masjala ya mfuko wetu wa bima ya afya, msajili wetu mkuu anastaafu tarehe thelathini Juni. Hesabu hiyo ya siku ni yake mwenyewe. Katika rasimu ya kwanza ya taarifa hii nilikuwa nimeandika tu "zaidi ya miaka thelathini", akanirudishia karatasi ikiwa na duara jekundu.

Aliajiriwa wakati mfuko huu ulikuwa chumba kimoja juu ya duka la vyuma, ukihudumia wafanyakazi wa kiwanda cha nguo peke yao. Jina la Mama Wino alibandikwa na madereva, kwa sababu ya kidole gumba chake cha kulia, ambacho kilikuwa chekundu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Hata kwenye picha za harusi ya binti yake kidole hicho kinaonekana, na mama wa bwana harusi aliuliza kama ameumia.

Tuseme ukweli, mama huyu hana dogo. Meneja aliwahi kurudishiwa fomu yake ya likizo mara tatu kwa tarehe zisizolingana, na mara ya nne akaja na kalenda mkononi. Aliyethubutu kuweka kikombe juu ya jalada alikunywa chai yake akiwa amesimama kwenye korido wiki nzima. Mimi, niliyekaa meza ya kumwelekea kwa miaka kumi na sita, nimesimama kwenye korido ile mara mbili.

Alikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Hakuna jalada lililotoka masjala kabla hajalisafisha. Alikagua anwani, picha na mwaka wa kuzaliwa, akasahihisha kilichokosewa, akagonga muhuri mwekundu wa IMEREKEBISHWA wenye tarehe, kisha akaandika namba katika daftari la muhuri. Desturi hiyo aliianza mwaka wake wa tatu kazini. Mama mmoja mwenye mtoto anayechemka homa alirudishwa dirishani hospitali kwa sababu jalada lake lilikuwa na anwani ya zamani. Mtoto alipona, ila Mama Wino hakuusahau uso wa yule mama.

Mwaka juzi ikaja sheria mpya ya afya. Kila mtu angeingia kwenye bima mpya ya umma, na majirani zetu wengi ambao hawakuwahi kushika kadi ya bima maishani wakapata yao. Tuliwafurahia. Kwa wanachama wetu ilitolewa ahadi kwamba anayeipenda kadi yake ya zamani ataendelea nayo, hakuna atakayemgusa. Meneja alipanda juu ya kiti uani akatutangazia, tukapiga makofi.

Kuna mtu mmoja ambaye kwake ahadi hiyo ilikuwa roho yake. Ni mume wa Mama Wino, fundi mitambo mstaafu wa kiwanda cha nguo, ambaye ofisi nzima tunamwita Shemeji. Figo zake zilishakataa kazi. Damu yake ilisafishwa kwa mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, naye alipenda kujigamba kwamba ndiye mstaafu pekee mjini ambaye bado anaingia zamu. Kadi yetu ililipia siku zote tatu. Bima mpya inalipia mbili.

Majalada yote yalitakiwa yakakaguliwe wizarani. Mama Wino akafanya kile alichokifanya maisha yake yote, akaanza kuyasafisha. Alianza na la nyumbani kwake, asije mtu akasema anafagia kwa jirani na kwake kumejaa taka. Jalada la Shemeji lilikuwa na anwani ya nyumba waliyohama miaka tisa nyuma. Akaisahihisha, akagonga muhuri. Siku ya kumi na mbili alikuwa amefikisha majalada sitini na matatu, na siku hiyohiyo ukaletwa waraka.

Mimi ndiye niliyeusoma. Ulisema kwamba ili mwanachama abaki na kadi ya zamani, jalada lake lisiwe limebadilishwa kitu chochote tangu siku sheria ilipoanza kutumika. Lililobadilishwa, hata kwa neno moja, litahesabiwa kuwa mkataba mpya, na mwenye nalo atahamia bima mpya. Aliniomba nisome tena. Nikasoma. Akafunga kisanduku chake cha wino, na mikono yake haikujua iende wapi.

Sitajifanya mtakatifu. Daftari la muhuri aliliandika kwa mkono, na waliolijua ni sisi wawili. Kurasa zingeweza kubadilishwa, na karatasi za majalada zilizogongwa muhuri pia. Nilimwambia hivyo. Alinijibu kwamba kama kughushi kungekuwa kazi yake, angekuwa ameshakuzoea, kisha akavuta karatasi akaiandikia kamati ya rufaa. Alikiri kwamba majalada yote sitini na matatu aliyarekebisha yeye, kwa uamuzi wake, bila kuombwa na mwanachama hata mmoja. Alipewa barua ya onyo. Katika jalada lake la utumishi hilo ndilo doa pekee, na aliliingiza mwenyewe, likapewa namba yake kama karatasi nyingine yoyote.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Kwa kuwa wanachama hawakuomba mabadiliko, kamati ilisema kosa ni la ofisi na halihesabiki. Kadi sitini na mbili zikarudi. Ya Shemeji ilikataliwa. Aliyelirekebisha jalada lile ni mke wa mwanachama, na jina lake limo humohumo kama mtegemezi, kwa hiyo kamati ilichukulia kwamba familia ndiyo iliyoomba. Tulipewa siku saba za kupinga.

Hapo nikamwendea tena. Tarakimu zangu zinafanana na zake, maana ndiye aliyenifundisha kuziandika upya nilipoanza kazi. Ningesema hilo moja nililirekebisha mimi, yakaisha. Alinitazama kwa upole ambao sikuuzoea. Akasema tukigusa hilo moja watayafungua yote upya, na ndani yake yumo fundi cherehani mwenye ugonjwa wa moyo, jalada la kumi na mbili, na wapo mapacha wa mlinzi, jalada la arobaini. Alikuwa ameyashika kichwani yote. Akaniambia niache. Nikaacha, na tangu siku hiyo sijawahi kuwa na uhakika kama nilifanya vyema.

Nilipata kujua baadaye kwamba alipomweleza mumewe jioni ile, Shemeji hakulaumu. Aliuliza tu ni siku ipi itakayokatwa. Ilikatwa Jumatano.

Kuanzia hapo Mama Wino aliimaliza likizo yake kwa kuchukua Jumatano mojamoja. Nilitumwa siku moja kumpelekea karatasi za kustaafu nyumbani. Shemeji alikuwa ameketi karibu na mlango, amenyoa ndevu, amevaa shati la mikono mifupi kama alivyovaa kwenda kwenye mashine. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu havikuingia. Mkewe aliniambia taratibu kwamba kila Jumatano huamka na kujiandaa hivyohivyo, na hukaa hapo hadi mchana. Shemeji aliponiona alitania kwamba gari la zamu limechelewa. Nilicheka ili nisilie mbele yake.

Sherehe ya kumuaga tuliipanga Jumatano bila kufikiri. Mama Wino, ambaye kwa miaka thelathini na minne hakuwahi kumwomba mtu yeyote humu ndani fadhila, aliomba tuisogeze. Itakuwa Alhamisi, saa nane mchana, ukumbi wa mikutano. Wale wanachama sitini na wawili wamealikwa. Fundi cherehani amemshonea gauni, akidhani anamshukuru kwa huduma nzuri tu. Karibu wote hawajui kadi zilizomo mifukoni mwao zilibakije, kwa sababu Mama Wino alikataza wasiambiwe.

Sasa wameambiwa, kupitia taarifa hii. Sehemu hii sikuiweka kwenye rasimu aliyoikagua, na najua duara jekundu linanisubiri. Nitasimama kwenye korido.

Mama Wino, masjala inakushukuru, nami niliyepewa funguo zako nakushukuru zaidi. Sote tunakutakia mapumziko marefu nyumbani, na Jumatano nyepesi, wewe na Shemeji.