Leonard Tranter, Aliyeitwa Skausa

Marehemu Leonard Tranter alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 huko Birkenhead, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Herbert Tranter, fundi wa meli, na Bibi Edith, na ieleweke mapema kwamba Birkenhead si Liverpool, bali ni ng'ambo ya mto, jambo lililomletea marehemu taabu kubwa.

Alisoma hapo hapo hadi mwaka 1953, na katika miaka hiyo alirudi nyumbani siku moja akijiita Skausa, kama walivyojiita vijana wa Liverpool, mama yake akamsugua ulimi kwa sabuni, kwani jina hilo limetokana na skausi, mchuzi mzito wa viazi na vipande vya nyama uliokuwa chakula cha mabaharia, na kwa Bibi Edith kuitwa hivyo ilikuwa sawa na kuambiwa kwenu mnakula makombo.

Mwaka 1957 aliajiriwa katika kiwanda cha magari mjini Coventry, ambako wenzake, wasiojua habari za mto wala ng'ambo, walisikia lafudhi yake tu wakampachika jina Skausa, naye akalipokea kwa mikono miwili, hata lilipogeuzwa utani wa wizi, maana watu wa Liverpool husingiziwa udokozi, kila spana ikipotea wanamwambia, "Skausa, hebu geuza mifuko!", naye anageuza, na siku moja spana ikaanguka kweli, akacheka yeye kuliko wote.

Tarehe 13 Juni 1964 alifunga ndoa na Maureen Fazakerley, mzaliwa wa Liverpool hasa, na kwenye karamu msimamizi wake aliponyanyua glasi kumtakia heri "Skausa wetu", bibi harusi alisimama na shela lake akasema, "Skausa gani? Huyu wa bandia! Mume nimemkubali, Skausa hapana," maana kufikia hapo tusi la Bibi Edith lilikuwa limegeuka fahari yenye wenyewe, waliozaliwa Liverpool.

Walijaliwa watoto wawili, Pauline, 1966, na Keith, 1969, ambao Maureen alipanda treni kwenda kuwazalia Liverpool, mara ya pili uchungu ukiwa umeshaanza, ili wasipate mkosi wa baba yao.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021, akalazwa Coventry Februari 2023, ambapo muuguzi mmoja msichana, mwenyeji wa Liverpool, alimuuliza, "Babu, na wewe Skausa?", marehemu akamtazama mkewe, akafumba macho kwa adabu, na Maureen, baada ya miaka hamsini na minane ya kukataa, akajibu, "Ndiyo, Skausa huyo, tena wa kwetu," mgonjwa akafumbua jicho akasema, "Dada, umesikia? Wewe shahidi."

Alifariki kesho yake, tarehe 17 Februari, na kwa amri ya mjane anazikwa leo Liverpool, katika kaburi la ukoo wa Fazakerley.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta vyakula hadi friji ikakataa kufungika, na wafanyakazi wenzake waliosafiri kutoka Coventry, na mjane anaomba jina litakaloandikwa kwenye jiwe asitokee mtu wa kulibishia.

Skausa wetu, pumzika kwa amani.