Gitaa Niliyojifunza kwa Simu Baada ya Sauti Kukatika

Sifa zote ni za Bwana, ndugu zangu wa Dilala! Mnasikia sauti yangu inavyokwaruza. Mi Mama Odile, zamani nilikuwa naanzisha nyimbo katika kwaya hii. Kisha madaktari wakanitoa uvimbe shingoni. Nikapona, lakini sauti ya kuimba haikurudi.

Ndugu zangu, nilimkasirikia Mungu. Kwaya ikisimama, mimi natoka nje, nakaa pale pikipiki za taxi-moto zinapongojea watu, mpaka wimbo uishe. Mume wangu, Tata Ilunga, aliacha hata kufungua redio nyumbani.

Binti yangu Nadège, aliyeolewa Tenke, akanitumia gitaa ya mumewe na kunionyesha masomo ya video kwenye simu. Akaniambia mikono yangu haikupasuliwa.

Nikaanza kwa furaha. Mwalimu wa kwenye simu alikuwa kijana wa mbali, anafundisha kwa Kifaransa, anacheka, vidole vinakimbia. Vyangu vilivimba. Akodi ya fa, ile inayotaka kidole kimoja kikandamize nyuzi zote, ilinitolea mlio wa kopo. Mara umeme unakatika, mara mega za intaneti zinaisha katikati ya somo. Nilikuwa naruka kutoka video hii hadi ile, nikitafuta ile itakayonifanya nijue haraka. Mwishowe nikaisukuma gitaa nyuma ya kabati. Niliona kama nimenyang'anywa muziki mara ya pili.

Hapo Mama Régine, tuliyekuwa tukisimama naye bega kwa bega katika kwaya, akaanguka kwenye pikipiki, akavunjika mguu. Alilala tu nyumbani, hata kugeuka hawezi. Nilipomtembelea akaniomba wimbo. Nikamwonyesha shingo yangu, nikalia. Akanishika mkono.

"Mama Odile, mi sitake sauti yako. Leta ile gitaa. Mi njo nitaimba, we upige tu."

Nikaenda kuileta. Nilijua akodi mbili tu, nikawa nazibadilisha polepole, naye ananingojea kwa kila neno, macho kayafumba. Wimbo ulikuwa mrefu kama mahubiri! Tulipomaliza, jasho linanitoka, akasema:

"Kesho utarudi na wimbo ingine."

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponifungua! Nilirudi nyumbani nikachagua somo moja, nikaacha mengine yote. Sikutaka tena kuwa kama yule mwalimu. Nilitaka kipande kimoja cha kumpelekea mgonjwa wangu. Umeme ukikosekana, nilipiga bila video. Siku nyingine vidole vilikataa kabisa. Nikaenda hivyohivyo, tukaimba wimbo wa jana. Fa ilikuja yenyewe asubuhi moja, nangoja maharagwe yaive. Nikapiga kelele, Tata Ilunga akaja mbio akidhani nimeungua!

Mguu umeunga. Mama Régine huyu hapa mbele, na fimbo yake. Mimi nimekaa katikati ya kwaya na gitaa yangu, na ile hasira Bwana ameiondoa.

Wewe uliyeanza jambo ukaliacha, mtumaini yeye. Umwombe akuonyeshe mtu wa kumpelekea hicho kidogo unachokijua, hata kama bado kinakwaruza. Sauti yangu Mungu hajanirudishia, wala sijui kama atanirudishia. Lakini kila Jumapili namsifu, na nyinyi mnasikia. Asante Yesu!

Mama Régine, anzisha. Nakufuata.