Nayarudisha Maneno Yangu ya Daraja la Tatu

Mchungaji Rurangwa pamoja na mama mchungaji. Kocha wetu Wanjohi, mwenye siku ya leo, na mkeo Peninah. Wazee wa kanisa. Wamama wa kwaya, ambao najua chakula kimeiva na mnaniangalia kwa jicho baya. Vijana wa mieleka mliokaa nyuma. Wageni wote mliofika hapa Riverside: nawasalimu kwa jina la Bwana.

Mnanijua. Mimi ni Bahizire, baba yake Elisée. Nimeombwa niseme dakika tano. Bon, aliyeniomba hanijui.

Kocha Wanjohi anatuacha. Miaka tisa amefundisha mieleka katika chuo kidogo cha hapa North Buffalo, na kila Jumamosi amewafundisha watoto wetu katika ukumbi huu bila kutudai hata chai. Sasa anahamia Louisville. Kocha, ungetaja mji mwingine wowote ningevumilia, lakini Louisville ndiko tulikoshuka kwenye ndege tulipokuja Marekani, na tangu Jumapili sijalala vizuri kwa kukumbuka.

Elisée alikuwa na miaka kumi na mmoja. Siku moja akarudi kutoka shule sikio limevimba kama andazi. Mama yake, Chimène, akavaa viatu aende kushtaki. Kumbe hakuna aliyempiga, mtoto ameingia timu ya mieleka. Jioni hiyo tulisukuma kochi ukutani, tukatandika godoro sebuleni, akanibwaga mara tatu, mimi niliyeshinda bohari nikibeba maboksi kutwa nzima. Jirani wa chini alipogonga dari tulinyamaza, halafu tukaanza tena. Hatukuwa na kitu Louisville, lakini tulikuwa chumba kimoja sote, na ninazitamani sana jioni zile.

Tulipohamia Buffalo mtoto alikuwa amekomaa. Mwaka wake wa mwisho wa sekondari alimshinda karibu kila mtu. Ndipo Wanjohi akaja nyumbani. Akala bugali na sombe ya majani ya muhogo, akanawa mikono, akasema anamtaka Elisée chuoni kwake. Nikamuuliza, chuo chenu kiko division ya ngapi?

“Ya tatu, mzee.”

Ndugu zangu mliokulia Bukavu, nisaidieni. Kwetu daraja la tatu ni nini? Si timu inayongoja mbuzi watoke uwanjani ndipo ianze mechi? Si timu inayofunga na kuomba ipande, na ikipanda inashuka tena? Mimi nilijua mpira tu, nikadhani dunia nzima imepangwa kama mpira. Donc Jumapili iliyofuata nilisimama hapa hapa, na kipaza sauti hiki hiki, nikatangaza: “Mtoto wa Bahizire hatafundishwa na watu wa daraja la tatu. Anaenda chuo kikubwa cha Columbus, daraja la kwanza.” Mkapiga vigelegele. Wanjohi alikuwa amekaa safu ya tatu na mke wake. Naye alipiga makofi.

Elisée akaenda. Akapanga chumba karibu na chuo kile kikubwa, akapokelewa kwenye timu bila ufadhili wowote. Vijana walikuwa zaidi ya thelathini, na siku ya mechi wanaopanda mkekani ni kumi, mmoja kwa kila uzito. Katika uzito wake, ratili mia na arobaini na moja, mbele yake alikuwepo kijana mmoja hatari sana. Kazi ya Elisée ikawa kumfanyisha mazoezi huyo.

Mwaka wa pili tulikwenda kumtazama. Mnaikumbuka safari hiyo? Magari mawili ya kanisa, wamama wote vikwembe vya namna moja, saa tano za barabara. Tukamkuta mtoto amevaa tracksuit, ameshika chupa ya maji ya mwenzake. Akatupungia mkono. Mechi kumi zikaisha, bado amekaa. Chimène akaniinamia sikioni: “Papa Elisée, tumetembea masaa tano juu ya kuona mutoto anaikala?” Kurudi, mpaka Cleveland hakuna aliyeimba.

Nilimpigia Wanjohi simu. Angeweza kunicheka, na angekuwa na haki. Alikuja, akachukua bahasha ya bili ya gesi, akaigeuza, akanichorea.

“Mzee, division hapa si ngazi. Ya kwanza ni vyuo vikubwa: ufadhili mnono, safari za ndege, mieleka kama kazi. Ya pili, ufadhili upo, lakini unakatwa vipande, kila mtu kidogo. Yetu haitoi ufadhili wa michezo kabisa. Kijana anasaidiwa kwa marks zake na hali ya nyumbani, na season ikiisha tunamwacha asome. Colleges za miaka miwili ziko na mashindano yao kando. Lakini mkeka ni ule ule. Weights kumi, dakika saba, kule na huku. Na kila division iko na champion wake wa taifa.”

Nikauliza, kwa hiyo mkishinda mnapanda?

“Hatupandi, mzee. Na hatushuki. Hata kule Louisville chuo kimoja kilitoka ya pili kikaingia ya kwanza, lakini kiliomba kwa barua kikangoja miaka. Hakikumbwaga mtu.”

Nikamuuliza tena, kwa ubishi wangu: lakini wa Columbus si wana nguvu kuliko wenu? Akasema ndiyo, wengi wao. Halafu akasema, “Lakini wa kwenye benchi hajulikani ana nguvu gani.” Kalamu akaiacha mezani, akaomba chai.

Elisée akarudi nyumbani, akaingia chuo cha Wanjohi. Miaka miwili alipanda mkekani kila wiki, na mimi sikukosa hata mechi moja ya hapa Buffalo. Mwaka jana, mwezi wa tatu, akafika nusu fainali ya taifa ya daraja la tatu. Akapoteza kwa pointi moja. Aliyemshinda alikuwa amecheza miaka minne mfululizo. Wangu alikuwa amecheza miwili. Akashindwa tena mara moja, akashinda ya mwisho, akamaliza wa tano nchi nzima, wakamsimamisha jukwaani, na Chimène akalia kwa furaha.

Mimi nililia kwa sababu nyingine. Miaka ya chuo ni minne, ndugu zangu. Miwili niliila mimi, kwa sababu ya neno “tatu”. Kocha, hujaniambia hilo hata siku moja. Elisée nikimgusia ananijibu, “Dad, I'm fine.” Donc nalisema mwenyewe.

Ulimi hauna mfupa. Lakini kwetu, neno lililotolewa mbele ya watu halifutwi jikoni. Nilikwisha kukuomba radhi jikoni kwangu, Wanjohi, na ulinisamehe, lakini hawa waliopiga vigelegele hawakusikia. Leo wasikie.

Asanteni kwa kunivumilia zaidi ya dakika tano. Kocha, ukifika Louisville, watafute watoto wetu waliobaki kule. Baba zao watakuuliza division, waelezee kwenye bahasha. Miaka miwili ya mwanangu siwezi kuirudisha. Maneno yangu naweza, na nayarudisha hapa hapa nilipoyasemea: mtoto wa Bahizire alifundishwa na mtu wa daraja la tatu.

Sasa naomba vigelegele vile vya siku ile. Havikuwa vyangu.